Mgeni wa mgodini apewe siku tatu kabla ya jembe

WAHENGA walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huo ulitungwa kwa ajili ya shamba, ambako kosa kubwa la mgeni ni kung'oa mche wa mahindi akidhani ni gugu. Mche mwingine utapandwa. Katika mgodi wa makaa ya mawe, kosa la mgeni halipandwi upya.

Hata hivyo, wapo wenye migodi ambao hawampi mgeni hata hizo siku mbili. Asubuhi kijana anasaini mkataba, anapewa kofia ngumu, buti na kizibao kinachong'aa, anaambiwa "mfuate yule, atakuonyesha". Kabla ya chai ya saa nne yuko katikati ya malori yanayobeba tani 100 kila moja, hajui apite wapi, asimame wapi, wala honi inayolia ina maana gani.

Hoja yangu leo ni moja. Mafunzo ya usalama na afya kwa mchimbaji mpya yasiwe hisani ya mwajiri. Yawe haki inayohesabiwa kwa saa, inayolipiwa na mwenye mgodi, na mfanyakazi atakayekutwa kazini bila mafunzo hayo aondolewe mgodini mara moja bila kupoteza hata senti ya mshahara wake.

Jambo hili si ndoto yangu. Marekani, nchi ambayo imechimba makaa kwa zaidi ya miaka 200, imeliandika kwenye sheria tangu mwaka 1977. Inafaa tuangalie walivyofika hapo, maana hawakufika kwa hiari.

Sheria iliyoandikwa kwa misiba

Novemba 20, 1968 mgodi wa Farmington, jimbo la West Virginia, ulilipuka na wachimbaji 78 wakafa. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya afya na usalama katika migodi ya makaa, ikihusu ya chini ya ardhi na ya wazi.

Misiba haikuisha. Februari 1972, katika jimbo hilo hilo, bwawa la maji machafu ya kuoshea makaa lilipasuka huko Buffalo Creek na kuua watu 125, wengi wao wakiwa wanawake na watoto waliokuwa majumbani mwao bondeni. Machi 1976, milipuko miwili katika mgodi wa Scotia, Kentucky, iliua watu 26, wakiwamo wakaguzi watatu wa serikali.

Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1977, ambayo iliweka migodi yote, ya makaa na ya madini mengine, chini ya wakala mmoja wa usalama katika Wizara ya Kazi. Sheria hiyo ilimwagiza kila mwenye mgodi awe na mpango wa mafunzo uliopitishwa na serikali. Kwa mchimbaji mpya wa chini ya ardhi ilitaka saa zisizopungua 40. Kwa mchimbaji mpya wa mgodi wa wazi, saa zisizopungua 24.

Saa 24 ni siku tatu za kazi za saa nane. Ni siku moja tu zaidi ya zile ambazo wahenga walimpa mgeni.

Wapo watakaouliza kwa nini mgodi wa wazi uhitaji mafunzo marefu namna hiyo, wakati hauna paa la kuporomoka wala gesi ya kulipuka gizani. Swali hilo lenyewe ndilo hatari ya kwanza. Mgodi wa wazi humdanganya mgeni kwa sababu una jua, una upepo na unafanana na barabara inayojengwa.

Yanayofundishwa

Kanuni za Marekani zinaorodhesha masomo, na kila somo lina sababu yake.

La kwanza ni kumtambulisha mgeni kwa mazingira ya kazi, pamoja na kumtembeza mgodini aone kila kitu kinavyofanyika kabla hajashika chombo. Ndipo afundishwe haki zake kisheria, mamlaka ya wasimamizi, namna ya kutoa taarifa ya hatari, huduma ya kwanza, njia za kutoka wakati wa dharura na kuzima moto.

Baada ya hapo zinakuja hatari zenyewe, na hapa ndipo saa zinapokwenda.

Chukua lori la mgodini. Dereva wake hukaa juu kama mtu aliye ghorofani, na gari dogo likisimama mbele ya bampa lake halioni kabisa. Mgeni aliyezoea barabara ya mjini hudhani kwamba kama yeye analiona lori, basi lori nalo linamwona. Lazima afundishwe kwamba hapaswi kusogea karibu mpaka awasiliane na dereva na kupata jibu.

Chukua ukuta wa mgodi, yaani lile gema refu linaloachwa baada ya udongo na mwamba kuondolewa juu ya makaa. Leo limesimama imara. Usiku mvua ikinyesha, au baruti ikipigwa jirani, jiwe lililolegea huanguka bila hodi. Mgeni hujibanza chini ya gema kutafuta kivuli. Mzoefu hukaa mbali nalo na hulikagua kila zamu inapoanza.

Chukua ukingo wa kumwagia kifusi. Lori linarudi nyuma, dereva anategemea tuta la udongo lililowekwa pembeni limzuie. Lakini kama kuna mashine iliyochota udongo chini ya ukingo huo, juu pataonekana pazima kumbe ndani pana tundu. Lori hushuka na dereva wake. Ndiyo maana mgeni anafundishwa kumwaga mzigo nyuma kidogo ya ukingo usioaminika na kuacha tingatinga lisukume, na kufunga mkanda wakati wote.

Lipo pia rundo la makaa lenyewe. Mengi huwekwa juu ya mashine inayovuta makaa kwa chini kupeleka kwenye mkanda wa kusafirishia. Makaa yakivutwa, uwazi hujitengeneza ndani huku juu kukiwa na gamba linaloonekana gumu. Tingatinga au mtu akipita juu yake hutumbukia na kufukiwa. Tena makaa yaliyorundikwa muda mrefu hupata joto yenyewe na kuwaka bila kiberiti.

Kuna umeme. Dereva akiinua bodi la lori likagusa waya, asalimike kwa kubaki ndani ya kibanda mpaka umeme ukatwe. Ikibidi kutoka kwa sababu ya moto, aruke miguu yote miwili kwa pamoja, asiguse lori na ardhi kwa wakati mmoja. Mtu hawezi kubuni jambo hilo papo hapo. Ama alifundishwa, ama hakufundishwa.

Kuna baruti ambayo haikulipuka na imebaki ndani ya mwamba ikisubiri jino la kijiko. Kuna fundi anayeingia ndani ya mashine kuirekebisha bila kufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na mwenzake asiyejua anaiwasha. Kuna anayechomelea rimu ya gurudumu kubwa huku tairi likiwa bado juu yake. Joto hupandisha presha mpaka tairi linapasuka kama bomu.

Msomaji atagundua kwamba hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji digrii. Yote yanaelezeka kwa lugha nyepesi. Lakini hakuna hata moja ambalo kijana aliyetoka shambani atalijua kwa akili ya kuzaliwa, hata awe hodari vipi.

Vumbi haliogopi upepo

Somo la afya ndilo linalodharauliwa zaidi, kwa kuwa haliui leo. Wengi huamini kwamba ugonjwa wa mapafu wa wachimba makaa ni wa walio chini ya ardhi, na kwamba juu upepo hulipeleka vumbi mbali.

Mwaka 2010 na 2011 wataalamu wa afya wa serikali ya Marekani waliwapima wachimbaji 2,328 wa migodi ya wazi ya makaa. Walikuta 46 wana ugonjwa huo, na kati yao 37 hawakuwahi kufanya kazi chini ya ardhi maisha yao yote.

Sababu yake inaeleweka. Kabla ya kuyafikia makaa ni lazima kutoboa na kulipua mwamba wa juu, na vumbi la mwamba lina silika, ambayo hukwaruza mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Anayeshika mashine ya kutoboa ndiye anayelipokea vumbi hilo kwanza. Kumwagia maji, kufunga madirisha ya kibanda cha mashine na kubadilisha vichujio vyake ni mambo madogo, lakini mgeni asiyeambiwa sababu yake atafungua dirisha apate hewa.

Nani analipa?

Sasa tufike kwenye kiini cha sheria ile, ambacho ndicho kinachonifanya niandike. Sheria nyingi duniani husema mwajiri "atahakikisha" mfanyakazi amefundishwa. Neno hilo ni pana, na kwenye neno pana mjanja hupita bila kuinama. Sheria ya Marekani ilifunga mianya kwa mambo matano.

Kwanza, mafunzo hufanyika saa za kazi, na mchimbaji mpya hulipwa kwa kiwango cha mshahara wake wa kuanzia.

Pili, kwa kawaida saa zote 24 hutolewa kabla ya kazi. Ofisi ya serikali ya eneo inaweza kuruhusu sehemu ifuate baadaye, kwa kuzingatia rekodi ya usalama ya mgodi, ukubwa wake na kasi ya watu kuacha kazi. Hata hivyo, zisizopungua saa nane lazima zitangulie, na zilizobaki zikamilishwe ndani ya siku 60. Katika kipindi hicho mgeni hufanya kazi mahali ambapo mzoefu anaweza kumwona.

Tatu, mafunzo yakiisha mwenye mgodi hutoa cheti, nakala hukaa mgodini kwa ajili ya mkaguzi na nyingine hupewa mchimbaji. Kughushi cheti ni kosa lenye adhabu.

Nne, mafunzo hayaishii hapo. Kila mwaka kuna saa nane za kukumbushana, na mtu akihamishiwa kazi nyingine, mathalani kutoka greda kwenda tingatinga, anafundishwa kazi hiyo mpya kabla ya kuianza.

Tano, na hili ndilo kubwa. Mkaguzi akimkuta mchimbaji ambaye hakufundishwa, sheria inamwamuru atangaze kwamba mtu huyo ni hatari kwake mwenyewe na kwa wenzake, na aondolewe mgodini papo hapo hadi afundishwe. Kisha sheria inaongeza kwamba asifukuzwe kazi kwa sababu hiyo, wala asipoteze malipo katika muda unaohitajika kumfundisha.

Angalia hekima iliyomo. Mfanyakazi ndiye anayeitwa hatari, lakini gharama inamwangukia aliyemwingiza mgodini bila kumfundisha. Mwajiri anayejua kwamba mtu wake anaweza kuondolewa saa tano asubuhi huku mshahara ukiendelea, atamfundisha Jumatatu. Na mfanyakazi anayejua kwamba hatafukuzwa, hatajificha nyuma ya lori mkaguzi akifika.

Zipo dosari. Wapo Wamarekani wengi wanaosoma saa hizo kwanza kwa fedha zao ili waajirike, jambo linalopunguza uzito wa kanuni ya malipo. Pia mafunzo hayawezi kumzuia mwenye mgodi anayepuuza sheria kwa makusudi. Aprili 2010 mlipuko katika mgodi wa chini ya ardhi wa Upper Big Branch, West Virginia, uliua watu 29 kwa siku moja, na mtu aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo alitiwa hatiani mwaka 2015 kwa kula njama ya kukiuka kanuni za usalama, akafungwa mwaka mmoja.

Lakini tazama picha nzima. Mwaka 1978 migodi yote ya Marekani iliua watu 242. Mwaka 2020 waliokufa walikuwa 29, watano kati yao katika makaa. Sisemi ni mafunzo peke yake. Mashine zimebadilika, ukaguzi umeongezeka na wachimbaji wa makaa wamepungua sana. Ninachosema ni kwamba idadi iliyokuwa ikipotea kwa siku moja mwaka 2010 ndiyo iliyopotea kwa mwaka mzima 2020, na nchi iliyofika hapo haikuona sababu ya kuzifuta saa 24.

Na sisi je?

Mjadala huu unatuhusu. Kiwira, ambako uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1988, ni mgodi wa chini ya ardhi. Lakini makaa yaliyokuja kuleta biashara mpya ni ya Ngaka, wilayani Mbinga, ambako uchimbaji wa wazi ulianza mwaka 2011. Makaa hayo yameingia viwanda vya saruji, na baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022, wanunuzi wa nje walikuja kuyatafuta na meli zikatia nanga Mtwara.

Bei ikipanda, haraka nayo hupanda. Mkandarasi anaajiri, malori yanapanga foleni, na vijana wanaacha mibuni ya baba zao kwenda kutafuta mshahara wa mwezi. Ni vizuri. Lakini soko linapomwambia mwenye mgodi aongeze tani, siku tatu za kufundisha huonekana kama hasara.

Tanzania haikosi sheria. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, zipo kanuni za usalama migodini zilizotolewa mwaka 2010 chini ya Sheria ya Madini, na ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Wakala wa usalama kazini upo na Tume ya Madini ipo. Ninachopendekeza ni kwamba wakaguzi wetu, kila waingiapo mgodini, wawe na maswali matatu yasiyokwepeka: mtu huyu alifundishwa saa ngapi, nani alizilipia, na cheti chake kiko wapi?

Nikisema alifundishwa sina maana alitia saini kitabu cha Kiingereza asichokisoma. Mafunzo yatolewe kwa Kiswahili, mgodini, mtu aoneshwe gema kwa kidole na asikie honi kwa masikio yake.

Tusiwasahau madereva na utingo wanaokuja kupakia. Nchini Marekani mfanyakazi wa mkandarasi anayefanya kazi mgodini mara kwa mara au kwa kipindi kirefu huhesabiwa mchimbaji na hupewa mafunzo kamili. Anayekuja kwa muda mfupi huelezwa kwanza hatari za eneo analoingia. Deiwaka aliyeshika usukani jana asiruhusiwe kuingia chini ya kijiko leo kwa sababu tu ana leseni ya barabarani.

Wenye migodi watasema gharama ni kubwa, hasa kwa mgodi mdogo. Tupige hesabu. Ukiajiri watu 20 na kuwapa siku tatu, umetumia siku 60 za mshahara wa kuanzia, pamoja na posho ya mkufunzi. Linganisha na siku ambayo lori moja limeanguka ukingoni: mgodi umesimama, polisi wapo, wakaguzi wapo, mashine imeharibika, fidia inadaiwa, na wazoefu wako wanaogopa kurudi kazini. Hapo sijaitaja nyumba yenye msiba, kwa sababu haina bei.

Watasema pia kwamba vijana huacha kazi mapema, hivyo fedha ya mafunzo inapotea. Lakini kanuni ile ya Marekani inaihesabu kasi ya watu kuacha kazi kama sababu ya kufikiria mara mbili kabla ya kuruhusu mafunzo yafuate baadaye. Mgodi ambao watu hawadumu ndio wenye wageni wengi, na penye wageni wengi ndipo panapohitaji mafunzo zaidi.

Wasomaji wetu wakulima wanalielewa jambo hili kuliko wengi wetu wa mjini. Maksai mgeni hafungwi plau siku anayotoka zizini. Kwanza huzoeshwa nira, kisha hufungwa pamoja na aliyezoea, na mwenye shamba hutembea pembeni akimwangalia. Hakuna mkulima anayeita siku hizo hasara, kwa kuwa anajua maksai akivunjika mguu msimu umekwisha.

Basi mzazi ambaye mwanao ameitwa mgodini, kabla hujamtakia heri muulize yale maswali matatu. Na mwenye mgodi ambaye unamlipa fundi siku nzima kuikagua mashine mpya kabla ya kuiwasha, mpe na mtu mpya siku zake tatu.